IMEI imefungwa: kitambulishe usakinishaji, si simu

Chukua programu ya tiketi za boti za Unguja na Pemba, iliyoandikwa enzi ambazo ruhusa ya READ_PHONE_STATE ilitosha kusoma IMEI, namba ya pekee ya kila simu, na kumtambua mteja kwayo. Tangu Android 10, mwaka 2019, programu ya kawaida haipewi tena IMEI wala namba ya kiwandani. Ikilenga toleo hilo au la baadaye, hukatazwa kwa SecurityException, kosa ambalo lisiposhughulikiwa huifunga programu. Ikilenga la nyuma na ruhusa inayo, ikiomba IMEI hurudishiwa null, yaani thamani tupu.

Naiogopa null kuliko programu kujifunga ghafla. Programu ikijifunga, utapigiwa simu siku hiyohiyo. Seva ikiipokea null kama kitambulisho, simu zote zinageuka moja: abiria yuko Malindi, Unguja, anafungua programu, anakuta tiketi ya mtu wa Mkoani, Pemba, asiyemjua. Anwani ya MAC, namba ya kifaa kwenye mtandao kama Wi-Fi, nayo ni vivyo hivyo. Tangu iOS 7 na Android 6 programu ya kawaida ikiiuliza kwa njia ya kawaida inajibiwa 02:00:00:00:00:00. Basi anzia kwenye seva: ikatae null, maandishi matupu, sufuri tupu, MAC hiyo, na 9774d56d682e549c, ANDROID_ID (kitambulisho kinachotolewa na Android yenyewe) iliyojirudia kwenye simu nyingi za Android 2.2.

Kisha programu ifunguliwapo mara ya kwanza, itengeneze UUID ya nasibu, kitambulisho kirefu kisichotarajiwa kujirudia, na kuiweka kwenye faili lake peke yake. Faili hilo litoe kwenye nakala rudufu: tumia kanuni za dataExtractionRules kwa Android 12 na kuendelea, fullBackupContent kwa za nyuma. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu ananunua simu mpya Darajani, anarejesha nakala yake, ya zamani anampa mdogo wake, na UUID moja inaishi mikononi mwa watu wawili.

Kwenye iPhone, identifierForVendor, kitambulisho kimoja kwa programu zote za mtengenezaji mmoja, hubadilika mtu akifuta programu zako zote na kuzirudisha. Kinachowekwa kwenye Keychain, hifadhi ya siri ya iPhone, hudumu zaidi, ila chagua aina ya ThisDeviceOnly isihamie simu nyingine.

Wateja wa zamani wahamishe kwa toleo la mpito: simu inayoweza bado kusoma IMEI itume IMEI na UUID pamoja, seva iziunganishe mara moja tu, na IMEI iliyokwisha kuunganishwa isikubaliwe tena. Wasioweza waingie kwa namba ya simu na msimbo wa SMS. Tiketi ni ya abiria, si ya kifaa. Toleo linalofuata, READ_PHONE_STATE iondoe kwenye manifesti, faili linalotaja ruhusa za programu, na safu ya IMEI uifute kwenye hifadhidata.