Tunaposema "Ana Mawazo"

Mtu anapoketi mbele yangu na kusema "nina mawazo", simwelewi kwamba ana fikra nyingi za kunieleza. Naelewa kwamba halali vizuri, chakula hakipiti na moyo wake ni mzito. Kiswahili kimelitwika neno la fikra mzigo wa hisia. Sisi tuliosomea saikolojia kwa vitabu vinavyotenga sura ya utambuzi, yaani fikra, na sura ya hisia huchukua miaka kadhaa kazini kabla ya kuona kwamba msemo huo wa kila siku uko karibu zaidi na ukweli kuliko mpangilio wa vitabu vyetu.

Mteja wangu mmoja, ambaye nimebadili baadhi ya habari zake ili asitambulike, ni mhasibu. Saa 3 asubuhi alipokea ujumbe wa mkuu wake: "Saa 8 uje ofisini." Hapakuwa na salamu wala sababu. Kwanza tumbo lilimkaza na viganja vikatoka jasho. Ilipofika saa 5 alikuwa amekwisha kumbuka hati aliyoichelewesha mwaka uliotangulia, ripoti yake iliyorudishwa, na pia mwenzake aliyeachishwa kazi; na saa 6 alikuwa anapiga hesabu ya ada za watoto. Saa 8 mkuu wake alimpa fomu ya likizo aitie saini.

Richard Lazarus, mwanasaikolojia aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, angesema kwamba hofu hiyo ilizaliwa na tathmini: mhasibu aliusoma ujumbe kama tishio, ilhali mwenzake anayesubiri kupandishwa cheo angeyasoma maneno yaleyale na kufurahi. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi, kwa sababu hayaelezi yaliyotokea kati ya saa 3 na saa 6, wakati ambapo hakuna habari mpya iliyoingia na bado hofu iliendelea kukua.

Hapo namhitaji Gordon Bower, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1981 alipendekeza kwamba kumbukumbu zimeungana kama wavu, na kwamba kila hisia ni fundo mojawapo katika wavu huo; ukilivuta, yanakuja yote yaliyofungwa nalo. Baadhi ya matokeo yake ya mwanzo hayakurudiwa kwa mafanikio, na mwaka 1985 yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolichapisha hilo, jambo ambalo kwangu linamwongezea heshima. Hata hivyo, wazo kwamba mwenye huzuni hukumbuka kwa wepesi mambo ya huzuni, hasa ya maisha yake mwenyewe, limesimama vizuri zaidi, nami hulishuhudia kila wiki. Mhasibu wangu alikuwa na barua ya pongezi iliyotundikwa ukutani mbele ya meza yake, na kwa saa 5 nzima haikumjia akilini.

Kuna ubishi maarufu kuhusu kipi hutangulia, fikra au hisia. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alidai mwaka 1980 kwamba hisia inaweza kutokea bila kusubiri fikra. Lazarus akampinga, wakajibizana kwa miaka. Baadaye Joseph LeDoux, mtafiti wa ubongo, kwa utafiti wa panya, alionyesha kwamba sauti inaweza kufika kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kukabili hatari, kwa njia fupi isiyopitia gamba la ubongo, tabaka la nje linalohusika na kufikiri. Kwa maoni yangu, wabishi wale walikuwa wakizungumzia nyakati tofauti: Zajonc ile sekunde tumbo lilipokaza, Lazarus zile saa zilizofuata.

Ndiyo maana "usiwaze sana", tunayoambiana kwa nia njema misibani na hospitalini, haisaidii sana. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5 na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia, na waliporuhusiwa kumfikiria, aliwajia zaidi kuliko alivyowajia walioruhusiwa tangu mwanzo.

Mimi huanza na mwili. Nikibishana na wazo la mtu ambaye moyo unamwenda mbio, hofu itaniletea ushahidi kumi dhidi ya kila hoja yangu, kwa kuwa wakati huo ndiyo inayochagua kumbukumbu. Kwa hiyo tunapumua polepole kwanza, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, na mabega yakishashuka ndipo tunachukua karatasi ya kuandikia mawazo, chombo tulichorithi kwa Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyeanzisha tiba ya utambuzi: saa, tukio, hisia, wazo, na kiasi ambacho mtu analiamini wazo hilo.

Mstari wa saa 5 wa mhasibu ulisema: "Nitafukuzwa. Asilimia 90." Nikamwuliza ile barua ya ukutani ilihusu nini. Akafikiri kidogo, akatabasamu kwa aibu. "Ukaguzi, daktari. Niligundua hela zilizokuwa zinapotea." Nikamsogezea kalamu.