Asilimia ya DNA si kilo za nyama

Wiki hii nimeulizwa tena, na safari hii muulizaji ni mtu anayenunua soseji kwa tani. "Ripoti ya maabara yako inasema nguruwe asilimia 4 kwenye soseji za ng'ombe. Yaani kila kilo mia wamenichanganyia kilo nne?" Hapana. Nimechoka kusema hapana kwa mdomo, kwa hiyo leo naandika.

PCR, kipimo cha maabara kinachorudufu DNA mpaka ionekane, inahesabu nakala za DNA. Uzito haipimi. Soseji ikishasagwa na kupikwa, DNA yake inakatikakatika. Ukitafuta kipande kirefu unatoka mikono mitupu. Ndiyo maana tunatafuta vipande vifupi, mara nyingi vya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, vyenye DNA yake), kwa kuwa seli moja hubeba mamia mpaka maelfu ya nakala zake. Kwa kutambua mnyama, raha tupu. Kwa kuhesabu, balaa. Moyo umejaa mitokondria. Mafuta yana seli chache kwa uzito uleule. Mmoja akichanganya moyo wa nguruwe na mwenzake mafuta ya nguruwe, gramu sawasawa, mashine itamfanya wa kwanza jambazi na wa pili mdokozi. Ukihamia jeni za kiini cha seli tatizo linapungua, haliishi.

Na niseme lisilomo kwenye ripoti: sampuli zangu za kulinganishia nilizichanganya kwa nyama mbichi, bila chumvi, bila fosfati, bila moshi. Soseji yako imepitia vyote hivyo. Sahihi naweka, ila tarakimu zilizo baada ya nukta siziamini.

Kumbuka Januari 2013. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ayalandi ilitangaza matokeo ya baga 27 za ng'ombe: 10 zilikuwa na DNA ya farasi, 23 zilikuwa na ya nguruwe. Dunia ikapiga kelele. Lakini baga moja tu ndiyo iliyofika asilimia 29 ya farasi. Zile nyingine tisa zilikuwa na chembe. Asilimia 29 haitokani na kisu kisichooshwa. Chembe zinaweza. Uingereza ikaamua kuripoti kuanzia asilimia 1, na huo ni mpaka wa makubaliano, maumbile hayakuuchora. Nikiona 0.6, sijui kama ni uzembe au wizi wa kidogokidogo, na asiyekula nguruwe kwa imani mpaka huo haumhusu hata kidogo.

Kuhusu afya, DNA iko kimya kabisa. Nyama ya farasi si sumu. Hofu ilikuwa fenilibutazoni, dawa ya maumivu ya farasi ambayo kwa nadra huharibu uboho wa binadamu usitengeneze damu. Hiyo ina kipimo chake. Salfaiti, kihifadhi kinachorudisha wekundu kwenye nyama iliyochakaa, ikamkaba mwenye pumu, nayo ina chake. Soya isiyotajwa kwenye lebo, kwa mwenye mzio, vilevile. Na wanaosema wataijua nyama kwa rangi, wasome tena hapo kwenye salfaiti.

Yule mnunuzi nilimwambia akaulize kiwandani ni nyama gani iliyopita kwenye mashine kabla ya soseji zake. Akaniuliza kama maabara ina kipimo cha hilo. Nikamwambia hicho kipo kwenye daftari la zamu, kama walijaza.