Uasi wa Spartacus: Filamu Inapoishia, Historia Inaendelea

Aliyetazama filamu ya Spartacus ya mwaka 1960 humkumbuka Spartacus, gladiata aliyeongoza uasi wa watumwa dhidi ya Roma, akiwa msalabani nje ya lango la mji huo, mkewe amesimama chini yake na mtoto mikononi. Ni tukio la kuliza, lakini halikutokea. Kwa mujibu wa Plutarch na Appian, waandishi wa kale wanaotupa masimulizi marefu zaidi ya vita ile, Spartacus aliuawa akipigana, na Appian anaongeza kuwa maiti yake haikupatikana. Anayetaka kuuelewa uasi huu aanzie mbali na msalaba. Aanzie jikoni.

Mwaka 73 KK kulikuwa na kambi ya wagladiata, wapiganaji waliopambana mbele ya watazamaji, mjini Capua, kusini mwa Roma, mali ya mtu aliyeitwa Lentulus Batiatus. Wengi wa waliofungiwa humo walikuwa wa Gaul (hasa Ufaransa ya leo) na Thrace (eneo la Bulgaria ya leo). Watu wapatao 200 walikula njama ya kutoroka, lakini siri ikavuja. Hapo 78 kati yao wakavamia jikoni, wakabeba visu vya kuchinjia na vyuma vya kubanikia nyama, wakapigana hadi nje. Silaha halisi walikuwa hawapewi ovyo, kwani mazoezi yalifanywa kwa panga za mbao. Njiani wakakutana na magari ya kukokotwa yaliyopeleka silaha za wagladiata mji mwingine, wakayateka. Kisha wakachagua viongozi watatu: Spartacus wa Thrace, na Crixus na Oenomaus, wote wawili Wagaul.

Gladiata, jina litokanalo na neno la Kilatini la upanga, alikuwa mali ya gharama kubwa. Pambano la kwanza linalojulikana mjini Roma lilifanyika 264 KK kwenye mazishi ya Junius Brutus Pera, na lilikuwa la jozi tatu tu. Waliopigana walikuwa hasa mateka wa vita na watumwa. Baadaye waliongezeka watu huru waliojiweka rehani kwa kiapo cha kukubali kuchomwa moto, kufungwa minyororo, kuchapwa na kuuawa kwa chuma. Mwenye kambi aliwalisha, akawafundisha na kuwatibu, hivyo kila kifo kilimtia hasara. Ndiyo maana aliyeshindwa aliweza kuinua kidole kuomba asamehewe, na mara nyingi alisamehewa. Galen, tabibu mashuhuri wa Pergamon, alianza kazi kwa kutibu majeraha ya wagladiata katika karne ya 2 BK, na ameandika kuwa walilishwa uji wa shayiri na maharagwe kwa wingi. Mifupa ya wagladiata iliyofukuliwa Efeso, Uturuki ya leo, inaafikiana naye: chakula chao kilikuwa hasa cha mimea, na baadhi ya mifupa ina mivunjiko iliyounga vizuri, dalili kwamba palikuwa na mganga aliyeijua kazi yake. Wale wanaume wa sinema wenye misuli iliyochongeka kama sanamu si wao.

Kwenye vifaa ndiko filamu hukosea zaidi, na ndiko mtazamaji anakoweza kuzikagua kwa urahisi. Murmillo, aina mojawapo ya gladiata, alikuwa na ngao kubwa ya mstatili, upanga mfupi ulionyooka na kinga fupi kwenye muundi wa kushoto. Mpinzani wake wa kawaida, thraex, alishika ngao ndogo na upanga uliopinda, na kwa kuwa ngao hiyo haikufika chini, alivaa kinga ndefu miguu yote miwili. Kifua kilibaki wazi. Retiarius, mwenye wavu na chusa cha meno matatu, alipangiwa secutor, ambaye kofia yake ya chuma ilikuwa laini, haina pembe wala ukingo wa kunasa wavu, na ilikuwa na matundu mawili madogo tu ya macho. Kofia hiyo ilimlinda, lakini ilimnyima pumzi na kumpunguzia uwezo wa kuona pembeni. Retiarius alihitaji tu kumzungusha hadi achoke.

Sasa rudi kwenye filamu ya 1960. Draba, Mwafrika aliyeigizwa na Woody Strode, anapigana na Spartacus kwa wavu na chusa, anamshinda, kisha anakataa kumuua. Tunaliheshimu sana tukio hilo. Hata hivyo, retiarius haonekani katika ushahidi wowote hadi karne ya 1 BK, miongo mingi baada ya Spartacus kufa. Vivyo hivyo Colosseum, uwanja mkubwa wa Roma ambao wengi humweka Spartacus ndani yake kwa kuichanganya filamu hii na filamu ya Gladiator ya 2000, ilizinduliwa mwaka 80 BK, miaka 150 baadaye. Na Kaisari Commodus wa filamu hiyo ya pili hakuuawa uwanjani. Alinyongwa na mwanamieleka Narcissus tarehe 31 Desemba 192.

Turudi kwa watoro wa Capua. Walipanda mlima Vesuvius, na Roma ikamtuma kamanda Claudius Glaber na watu 3,000. Glaber akaziba njia pekee ya kushukia, nyembamba na mbaya, akasubiri njaa imfanyie kazi. Pande nyingine zilikuwa magenge matupu, yaani miamba iliyosimama wima, hakuziwekea mlinzi. Juu kulikuwa na mizabibu mwitu. Wakakata matawi yenye nguvu, wakayasuka kuwa ngazi ndefu za kufika chini ya genge, wakashuka mmoja mmoja. Mtu mmoja alibaki juu na silaha zote. Wenzake walipofika chini akawateremshia, kisha naye akashuka, wa mwisho. Wakazunguka nyuma ya kambi ya Warumi na kuiteka. Mbinu hii haikufundishwa kwenye kambi ya wagladiata. Ni maarifa ya watu wa mashamba na malisho, na ni wachungaji na wachunga ng'ombe wa maeneo yale waliomiminika kujiunga. Ngao zao za mwanzo zilikuwa fito zilizosukwa na kuwambwa ngozi. Walipoishikilia Thurii, mji wa kusini mwa Italia, Spartacus alikataza wafanyabiashara kuingiza dhahabu na fedha. Alitaka chuma na shaba tu, na akalipia.

Mwaka 72 KK Roma ikatuma makonsuli, viongozi wake wakuu wa mwaka, wote wawili. Crixus, aliyekuwa amejitenga na sehemu ya jeshi, akauawa karibu na mlima Garganus. Spartacus akawashinda makonsuli, akamshinda na gavana Cassius huko Mutina (Modena ya leo), kaskazini kabisa, ambako njia ya kuvuka milima ya Alpi kwenda makwao ilikuwa wazi mbele yake. Jeshi likageuka kusini. Kwa maoni yetu hapa ndipo uasi ulipoanza kupotea, na sababu ilikuwa ndani: Plutarch anasema wengi walikataa kwenda makwao, walijiamini na walitaka kuendelea kupora Italia.

Crassus, jemadari wa Kirumi, alipokabidhiwa vita alianza na askari wake mwenyewe. Watu 500 waliokuwa wa kwanza kukimbia aliwagawa makundi 50 ya kumi kumi, na kila kundi likapigiwa kura ya mmoja wa kuuawa. Spartacus akateremka hadi ncha ya Italia akitaka kuvusha watu 2,000 hadi Sicily, ambako watumwa walikuwa wameasi mara mbili katika miaka 70 iliyotangulia. Maharamia wa Kilikia, pwani ya kusini ya Uturuki ya leo, wakapokea malipo, wakatweka wakaenda zao. Watu wakajaribu machelezo ya mbao na mapipa, mkondo ukawashinda. Nyuma yao Crassus alikuwa amechimba handaki kutoka bahari hadi bahari, karibu kilomita 55, upana na kina futi 15. Usiku wa theluji na upepo waasi wakajaza kipande chake kwa udongo, magogo na matawi, wakapita.

Mwaka 71 KK vita ikaisha. Mateka 6,000 walisulubiwa kando ya Njia ya Appia, kutoka Capua hadi Roma. Kipande hicho kina karibu kilomita 200. Ukigawanya, ni msalaba mmoja kila mita 33: msafiri aliyesimama penye mmoja aliuona unaofuata, na unaofuata huo.

Tukio ambalo mateka wanasimama mmoja mmoja na kila mmoja kudai ndiye Spartacus ni la filamu. Mwandishi wa filamu hiyo, Dalton Trumbo, aliwahi kufungwa kwa kukataa kuijibu kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, na alinyimwa kazi kwa jina lake kwa miaka mingi. Anayemtazama mateka asiyekubali kumsaliti mwenzake anaiona pia Marekani ya wakati huo.

Kwa upande wa waasi hakuna hata mstari mmoja uliobaki. Waliotuandikia walikuwa watu wa dola iliyomiliki watumwa, na Plutarch na Appian waliandika zaidi ya karne moja na nusu baada ya vita. Lakini hata kumbukumbu hizo hazifungi habari msalabani. Suetonius, mwandishi mwingine wa kale, anaeleza kuwa takriban miaka kumi baadaye Seneti ilimwagiza Gaius Octavius, baba wa Kaisari Augusto, apitie Thurii akielekea Makedonia, kwa sababu mabaki ya watu wa Spartacus walikuwa bado wanaishikilia nchi ile.