Je, wajua kwa nini si kila mchezaji wa kimataifa ni wa kiwango cha dunia?

Sifa ya "kiwango cha dunia" hutolewa kwa wanariadha, wanamuziki, madaktari bingwa na hata wapishi, na mara nyingi hutolewa kwa haraka mno. Kisarufi ni kivumishi cha A-unganifu, kwa hiyo hufuata ngeli ya nomino inayosifiwa: mwanariadha wa kiwango cha dunia, kipaji cha kiwango cha dunia, sauti ya kiwango cha dunia.

Tukimwita mtu hodari au mahiri, tunaeleza namna anavyoimudu kazi yake, wala hatulazimiki kumlinganisha na yeyote. Naye anayeichezea timu ya taifa lake dhidi ya mataifa mengine tayari ni mchezaji wa kimataifa, hata kama timu hiyo hufungwa kila inaposhuka uwanjani. Kiwango cha dunia ni dai zito zaidi, kwa sababu humpima mtu kwa kipimo cha walio bora popote walipo, si kwa kipimo cha wenzake wa karibu.

Hata hivyo, dai hilo halimaanishi kwamba mhusika ni wa kwanza duniani. Katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi mpya ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Nyuma yake, John Walker wa New Zealand alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.5, muda ambao nao ulikuwa bora kuliko rekodi ya dakika 3 na sekunde 33.1 aliyoiweka Mmarekani Jim Ryun mwaka 1967, huku Ben Jipcho wa Kenya, aliyeshika nafasi ya tatu, akiikosa rekodi hiyo ya zamani kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mshindi alikuwa mmoja, lakini wakimbiaji wa kiwango cha dunia walikuwa watatu, na saa ndiyo iliyothibitisha hivyo.

Sataranji nayo ina alama zinazokokotolewa kwa matokeo ya michezo, ambazo Magnus Carlsen wa Norway alizifikisha 2882 mwaka 2014. Uimbaji na uchoraji havina kipimo cha namna hiyo. Huko hukumu hutolewa na mabingwa wa fani yenyewe, na kwa maoni yangu anayetoa sifa hii anapaswa kuwa tayari kutaja ni nani hasa analinganishwa naye. Kwa kijana ambaye bado hajashindana na walio bora, ni sahihi zaidi kusema kwamba ana kipaji kinachoweza kufikia kiwango cha dunia, kwa kuwa hayo ni matarajio tu.