Moyo wa twiga: yasemwayo na yaliyo kweli

Kwenye magari ya watalii yanayopita lango la Ngongongare kuingia Hifadhi ya Taifa Arusha, husikika kwamba twiga ana moyo mkubwa ajabu kwa sababu ya shingo yake. Wengine humpa mioyo miwili. Moyo ni mmoja, na ukiupima dhidi ya uzito wa mwili ni takriban nusu ya asilimia moja tu, kama wa mamalia wengine.

Siri iko kwenye ukuta. Chumba cha chini cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini, kina misuli minene mno na nafasi ndogo ndani. Ukuta huo huongezeka unene kadiri shingo ya ndama inavyorefuka. Kila pigo basi hutoa damu kidogo kwa nguvu nyingi.

Nguvu hiyo ndiyo inayozaa dhana ya pili, kwamba twiga ni mgonjwa wa presha. Ni kweli kwamba karibu na moyo presha yake huzidi 200, na mtu mwenye kipimo hicho angekimbizwa hospitali. Lakini damu ina mita 2 hivi za kupanda, na uzito wake wenyewe huipunguza presha njiani, hata ikifika ubongoni ni ya kawaida kabisa.

Je, akiinama kunywa maji? Wengi husema vali za shingoni, yaani vilango vya kuzuia damu kurudi nyuma, humwokoa. Vali zipo, ila ziko kwenye vena zinazorudisha damu moyoni. Haziizuii damu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, kushuka kichwani. Akiinama, damu nyingi hujikusanya kwenye vena hizo pana, inayorudi moyoni hupungua, na presha hushuka.

Miguu ndiyo inayonistaajabisha zaidi. Presha huko chini ni kubwa kupita ya moyoni, lakini miguu haivimbi: ngozi imekaza kama soksi za kubana, na ateri chini ya goti zina kuta nene na tundu jembamba. Ukisimama pale Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi ndani ya Hifadhi ya Arusha, itazame miguu kabla ya shingo.

Wenye ndugu wanaoteswa na presha wajue hili pia. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba waliwapa panya jeni ya FGFRL1 ya aina ya twiga, kisha dawa ya kupandisha presha. Presha yao haikupanda kama ya panya wengine, na mioyo na figo zao hazikudhurika sana kama za wenzao.