Insha ya ufafanuzi: yanayodhaniwa darasani na yaliyo kweli

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote katika shule za sekondari za Dar es Salaam ni kwamba insha nzuri hujulikana kwa maneno yake mazito. Mwanafunzi anayeamini hivyo hufungua insha kwa methali, akafuatisha misemo miwili mitatu, kisha akapachika kila msamiati mgumu aliouhifadhi kwa ajili ya mtihani. Insha ya ufafanuzi haihitaji hayo. Kazi yake ni kumwezesha msomaji kulielewa jambo ambalo awali hakulielewa, na lolote lisilosaidia kazi hiyo humchelewesha, hata likiwa tamu masikioni.

Tuchukue swali linalowahusu wanafunzi wa jiji hili moja kwa moja: eleza sababu za mafuriko ya bonde la Jangwani. Insha nyingi zitaanza hivi: “Mafuriko ni janga kubwa ambalo limekuwa likiwasumbua wanadamu tangu enzi na enzi.” Ondoa neno “mafuriko”, weka “ukame” au “maradhi”, na sentensi itabaki vilevile, maana yake ni kwamba haijasema lolote kuhusu Jangwani. Utangulizi unaofaa ungesema: “Bonde la Jangwani hufurika kwa sababu hupokea maji mengi kuliko Mto Msimbazi unavyoweza kuyapitisha kwenda baharini.” Hapo msomaji anajua anapelekwa wapi, na mwandishi naye amejiwekea mpaka wa yale atakayoyaeleza.

Dhana ya pili ndiyo inayowanyima wanafunzi alama nyingi, nayo ni kudhani kwamba kuorodhesha hoja ni kufafanua. Kwanza mvua nyingi, pili mchanga, tatu ujenzi holela, nne takataka. Kila hoja inapewa sentensi mbili, kisha mwandishi anahamia nyingine. Hizo zote ni sababu za kweli, lakini msomaji ametajiwa tu, hajaelezwa. Ufafanuzi huanza pale mwandishi anapoonyesha jinsi jambo moja linavyozaa jingine. Msimbazi huanzia katika vilima vya Kisarawe na Pugu, ukakatiza jiji hadi Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Mvua za masika zinaponyesha, maji humomonyoa udongo wa kingo zisizo na miti na kuubeba. Huku mjini, ardhi iliyofunikwa kwa lami, saruji na mapaa hainywi maji, hivyo yote hukimbilia mtoni kwa wakati mmoja. Yanapofika Jangwani, ambako ardhi ni tambarare, mwendo wake hupungua, mchanga hutuama na kina cha mto hupungua. Takataka nazo huziba njia iliyobaki chini ya daraja la Jangwani, ndipo maji yanapopanda Barabara ya Morogoro na mabasi ya mwendokasi husitisha safari zake. Sababu ni zilezile nne, ila sasa kila moja imeshikana na inayofuata, na maneno kama “hivyo” na “ndipo” yanafanya kazi halisi badala ya kujaza mstari.

Chanzo cha kuruka hatua hizo, kwa maoni yangu, ni imani nyingine: kwamba msomaji ni mwalimu, na mwalimu anajua tayari. Mwalimu anajua, lakini anasahihisha kile kilichoandikwa, wala hawezi kukipa alama kilichobaki kichwani mwa mwanafunzi. Ni salama zaidi kuandika kana kwamba insha itasomwa na shangazi anayeishi Singida ambaye hajawahi kufika Jangwani, naye hana wa kumuuliza.

Wapo pia wanaodhani kwamba insha lazima iwe na aya tano. Utangulizi, kiini na hitimisho ni vya lazima. Idadi ya aya za kiini huamuliwa na hoja zilizopo. Urefu nao hauongezi alama ikiwa jambo moja limesemwa mara tatu.

Suala la maoni linahitaji uangalifu zaidi. Mwanafunzi aliyeona nyumba ya jirani ikisombwa na maji ana haki ya kukasirika, na hasira hiyo inaweza kuzaa insha nzuri ya kushawishi. Swali linapomtaka aeleze sababu, lakini, sentensi kama “viongozi wametusahau” haielezi maji yametoka wapi. Badala yake aandike kinachoweza kuthibitishwa, kwa mfano kwamba mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini na kwamba baadaye Serikali iliwahamishia Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baadhi ya wakazi wa mabondeni. Ukweli wa namna hiyo, ukiwekwa kwa utulivu mahali pake, humfikishia msomaji uzito wa jambo bila mwandishi kupaza sauti.