Kwa nini koki ya maji ya nusu inchi haifai kwenye bomba la AC la nusu inchi?

Mtume mtu duka la vifaa vya ujenzi akanunue bol valvu ya nusu inchi, ile koki fupi ya shaba yenye mkono mwekundu unaogeuzwa robo duara. Kisha chukua kipande cha bomba la shaba nyekundu la nusu inchi wanalotumia mafundi wa AC, ujaribu kukiingiza kwenye koki. Kitachezacheza mdomoni bila kugusa tredi. Muuzaji hakudanganya, na aliyekata bomba naye hakukosea. Kila mmoja anapima kitu chake.

Fundi wa AC hupima mgongo wa bomba. Nusu inchi yake ni milimita 12.7 kwa nje, na robo inchi yake ni 6.35. Fundi wa maji amerithi vipimo vya mabomba ya chuma ya zamani, ambayo yaliitwa kwa ukubwa wa tundu la ndani, enzi hizo kuta zikiwa nene. Baadaye kuta zilipunguzwa unene, lakini kipenyo cha nje kikaachwa kilivyo ili tredi za zamani na mpya ziendelee kuingiliana. Kwa hiyo bomba la chuma linaloitwa nusu inchi lina milimita 21.3 kwa nje, na ukizungusha rula pande zote hutaiona nusu inchi yenyewe popote. Bomba la plastiki la PPR linalouzwa kwa jina hilohilo huandikwa 20, yaani milimita 20 nje, na lile la PN20 (PN ni daraja la presha) lina tundu la milimita 13.2 tu.

Adapta za kuunganisha vipimo hivi viwili zipo, tena ni rahisi kupata. Ndiyo maana watu hujaribu. Ila kipimo ndicho kikwazo chepesi kuliko vyote. Vizito vimo ndani ya koki.

Ukiipasua bol valvu utakuta tufe la chuma lililotobolewa katikati kama ushanga mkubwa, limebanwa kati ya pete mbili nyeupe. Mkono ukilala sambamba na bomba, tundu linaelekea njia na maji yanapita. Ukiukalisha mkingamo, ubavu wa tufe unaziba. Pete zile ni za Teflon, na asili yake inahusu ubaridi moja kwa moja. Tarehe 6 Aprili 1938, mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont huko New Jersey, Marekani, alikuwa akitafuta gesi mpya za friji. Akafungua silinda ya gesi aliyoihifadhi kwenye baridi kali, gesi haikutoka, ingawa uzito wa silinda ulionyesha bado imejaa. Walipoikata wakakuta unga mweupe unaoteleza: gesi ilikuwa imejigeuza kuwa plastiki. Utafiti wa friji ndio uliozaa pete inayoziba koki za maji duniani kote.

Basi kama pete ni ileile, tofauti iko wapi?

Anza na presha. Tangi lililopandishwa mnara wa mita 6 linakupa bar 0.6 chini yake (bar ni kipimo cha presha), kwa kuwa kila mita 10 za maji ni takriban bar 1. Maji ya mtandao wa mji huwa bar chache. Sasa angalia AC inayotumia gesi ya R32 au R410A. Ikiwa imezimwa, kwa joto la kawaida la nyuzi 30, ndani yake mna takriban bar 18. Ikifanya kazi mchana wa joto na kondensa, sehemu ya nje inayotoa joto, ikafika nyuzi 50, presha inagonga bar 30. Koki nyingi za maji huandikwa PN16, PN25 au PN30, maana yake bar hizo kwa maji ya baridi. Zipo zilizoandikwa 600 WOG, yaani psi 600 kwa maji, mafuta au gesi, sawa na bar 41 hivi, na hapo mtu mbishi atasema namba inatosha. Kwa hesabu ya presha peke yake, kweli inatosha. Valvu za ubaridi nyingi ni bar 45 na kuendelea, kwa hiyo tofauti si kubwa. Namba haisemi lolote kuhusu kitakachotokea koki ikifungwa.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Koki ikiwa imefungwa, tundu la tufe halimwagi kilichokuwa ndani yake; linakifungia, likisaidiwa na nafasi ndogo iliyozunguka tufe. Kwenye bomba la maji hayo ni matone machache yasiyo na madhara. Kwenye bomba linalotoka kondensa, gesi inasafiri ikiwa kimiminika, na kimiminika hicho hutanuka upesi sana kikipata joto. Kikiwa kimejaa chumba kisicho na pumzi, kila nyuzi moja ya joto inaongeza bar kadhaa. Jua likipiga bomba lililoko juu ya paa, joto likapanda nyuzi kumi au ishirini, pete za Teflon zinasukumwa, zinapinda, au kitu kingine kinapasuka. Valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya ubaridi ina njia ya kupumua: kitundu kidogo kilichotobolewa kwenye tufe kuelekea upande mmoja, au pete zinazoachia presha ya ndani irudi bombani. Zile zenye kitundu cha upande mmoja huwa na mshale mwilini, na fundi anayeupuuza mshale ameiondolea valvu kazi yake. Kanuni hiyohiyo inakataza kufunga valvu mbili huku kimiminika kimebaki kwenye bomba katikati yake. Hiyo si hasara ya kifaa tu, bomba linaweza kupasuka mbele ya uso wa mtu.

Kikwazo cha pili ni shingo, pale mkono unapoingia mwilini mwa koki. Koki ya maji ikivuja jasho kidogo shingoni, unakaza nati, na tone moja kwa siku halimuumizi mtu. Mfumo wa gesi hauna pa kuongezea kilichopotea, na uvujaji usioonekana kwa jicho unatosha kuuacha mtupu baada ya miezi. Tena uvujaji una pande mbili: kabla ya kujaza gesi, fundi huvuta hewa yote nje kwa pampu, na shingo iliyolegea itaingiza hewa na unyevu. Unyevu ukikutana na mafuta ya kompresa za kisasa huzaa asidi, na ukifika penye baridi huganda na kuziba njia nyembamba. Ndiyo sababu valvu ya ubaridi huwa na oringi (pete za mpira) zinazostahimili mafuta hayo, mwili uliochomelewa badala ya kufungwa kwa tredi, na juu ya shingo kofia inayokazwa. Haina mkono mwekundu. Unavua kofia, unageuza kwa spana, unarudisha kofia. Kofia ni sehemu ya kizuizi, si pambo. Kwenye vyumba vingi vya mashine utaziona zimetupwa sakafuni, jambo linaloudhi.

Na gesi inayovuja haiishii kwenye bili ya mwenye AC. R410A iliyotoka hewani hupasha dunia joto mara 2,088 zaidi ya kaboni dioksidi ya uzito uleule, na R32 mara 675. Ni kwa ajili ya gesi za kundi hilo nchi zilikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, zikakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Makubaliano hayo yalianza kutumika Januari 1, 2019. R32, mbadala uliojaa madukani sasa, inaweza pia kuwaka, ingawa kwa shida.

Kisha kuna moto wa kuungia. Mabomba ya AC huunganishwa kwa kuchomelea kwenye joto la nyuzi 700 hivi, au kwa kutanua mdomo wa bomba na kuubana kwa nati. Teflon huyeyuka kwenye nyuzi 327 na ikipashwa zaidi hutoa moshi wa sumu. Valvu ya ubaridi huja na mikia mirefu ya shaba nyekundu ili moto ukae mbali na pete, na bado fundi makini huifunika kwa kitambaa kilicholowa na kupitisha naitrojeni ndani ya bomba kuzuia magamba meusi. Koki fupi ya maji haina mkia wa kuchomea. Ukiipiga moto umeua pete zake kabla haijafanya kazi. Na pale penye nati ya mdomo uliotanuliwa, usizungushe tepu nyeupe ya fundi bomba. Shaba hukutana na shaba, haitaki kitu katikati.

AC ndogo ya ukutani, kwa kawaida, haihitaji hata ununue bol valvu. Mashine yake ya nje ina valvu mbili za kiwandani zinazofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita. Bol valvu za ubaridi zina maana kwenye vyumba vya baridi vya mabucha na hoteli na kwenye AC kubwa, ambako unataka kubadilisha draya, kichujio kinachonyonya unyevu, bila kumwaga gesi yote. Hapo tundu pana linalopitisha bila kubana ni faida kubwa, hasa kwenye bomba la kurudi kompresa.

Kwa maji mambo ni mepesi, ila si ya kuchagua kwa rangi ya mkono. Tazama ndani ya tundu kwanza. Koki nyingi za bei ya chini zina tufe lenye tundu dogo kuliko jina lake: milimita 10 badala ya 15 inakuachia chini ya nusu ya nafasi ya maji kupita. Kwa tangi lenye presha ndogo utaihisi bafuni. Pitisha sumaku pia; ikishika tufe, ni chuma kilichopakwa kromu, na kitaota kutu. Kwa wanaotumia visima vya pwani, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, maji yenye chumvi huichokoa zinki iliyomo kwenye shaba ya kawaida na kuacha mwili wa rangi ya waridi wenye vinyweleo, unaovunjika mkononi. Shaba inayohimili hali hiyo huandikwa DZR au CR. Ni ghali zaidi, na kwa pwani ningeilipia bila kubishana.

Tredi nayo ina mtego. Huku tunatumia tredi za Kiingereza, BSP, lakini koki za NPT za Kimarekani huingia sokoni. Kwa nusu inchi na robo tatu zote mbili zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinashikana mizunguko kadhaa kabla ya kugoma, kwa kuwa pembe za meno ni 55 kwa moja na 60 kwa nyingine. Tepu nyingi haitibu hilo.

Usiitumie bol valvu kupunguza maji kwa kuiacha nusu wazi. Maji ya kasi hula pete, na siku ukitaka ifunge haifungi. Kwenye bomba refu la pampu, ifunge taratibu, maana robo duara ya ghafla hupiga nyundo ndani ya bomba. Na kila baada ya miezi michache igeuze mara moja mbili, hasa penye maji ya chokaa, isije ikagandia.

Hata valvu ya ubaridi yenyewe si ya kila gesi. Mitambo mikubwa ya barafu na vyumba vya baridi vya viwandani mara nyingi hutumia amonia, ambayo hula shaba na kupasua ile yenye zinki. Huko valvu, mabomba na viungo vyote huwa vya chuma, na fundi anayefika na mfuko wa vifaa vya AC anatakiwa auache mlangoni.